Zamu ya Gauni la Kijani

Nyumbani kwetu,
Meza ya chumba cha mbele,
Jumapili, tarehe 19, saa nane mchana.

Mpendwa Dada,

Pokea salamu zetu kabla ya jambo lolote. Mgongo wako unaendeleaje? Uliandika kwamba yule mzee unayemtunza huko ugenini, wa chumba cha mwisho, ni mzito na kwamba wakati mwingine unamgeuza peke yako. Tafadhali usijifanye winchi. Msubiri mwenzako afike, hata kama mzee ananung'unika. Unakula vizuri? Unalala? Kwenye picha ya mwisho umepungua mashavu, na Bibi amekwisha kuliona hilo bila miwani.

Sisi huku ni wazima, ukiacha mafua ambayo huyu mwanao Wakili aliyaleta kutoka shuleni akatugawia kwa haki, kila mtu fungu lake. Bibi naye ni mzima. (Humu nitamwita Bibi kama watoto wanavyomwita. Nikisema Mama tutachanganyikiwa, maana yeye ni Mama kwetu na wewe ni Mama kwao.) Goti la kushoto linamsumbua akiinama, lakini ukimwambia akae anakuuliza kama umewahi kumwona ameanguka. Dawa ya kuchua uliyotuma imefika. Anaitumia, na anasema haisaidii, na inapokaribia kuisha anaulizia nyingine.

Barua yako niliipata Jumatano. Niliwasomea watoto ukurasa wa kwanza na wa tatu, nikawaambia wazi kwamba wa pili ni wa wakubwa. Wakili alipinga, kama kawaida yake. Ana miaka minane tu na tayari anataka kuona ushahidi wa kila kitu.

Huo ukurasa wa pili nimeusoma peke yangu mara tatu. Unataka jibu kabla mwezi haujaisha. Shemeji mwinjilisti, kaka wa marehemu mume wako, amejitolea kuwachukua watoto wote wawili wakaishi kwake. Kwake kuna ibada asubuhi na jioni, na mke wake yuko nyumbani mchana kutwa, wakati mimi niko kazini. Umeniuliza swali moja: kwangu watoto wako wanafundishwa imani, au wanalishwa na kuvalishwa tu? Ukaongeza, "Niambie ukweli, mdogo wangu, hata kama unauma."

Basi nakuandikia huo ukweli. Utaona kwamba aliyekosa zaidi katika habari hii si mtoto.

Unakumbuka siku uliyoondoka, umesimama mlangoni na begi begani, ukaniambia, "Wafundishe kusali." Mimi ni mtu wa mafaili, Dada. Hospitalini, siku nzima, kazi yangu ni kuhakikisha kila mgonjwa ana jalada na kila jalada lina rafu. Kwa hiyo nilifanya ninachokijua. Nilinunua karatasi ya manila, nikachora safu tano: sala ya asubuhi, sala ya jioni, mstari wa kukariri, tendo jema, kutubu kosa. Kila moja ilikuwa na nyota yake ya kubandika. Nikaitundika ukutani juu ya ndoo za maji, na nikakuandikia kwa fahari kwamba mambo yanakwenda vizuri. Yalikuwa yanakwenda kweli. Swali ambalo sikujiuliza ni yanakwenda wapi.

Wakili aligundua kabla ya mwezi kuisha kwamba safu ya kutubu ndiyo rahisi kuliko zote. Akawa anatubu kila siku. Alitubu kumkanyaga sisimizi, akatubu kumwazia mwalimu vibaya, akatubu kupiga miayo kanisani. Nyota zikajaa. Jioni moja akaniambia, kichwa chini, kwamba amevunja kikombe cha fundi cherehani, yule jirani yetu wa mlango wa pili, kile chenye ukingo wa dhahabu. Nilifurahi, nakiri. Nikamshika mkono tukaenda.

"Mama Fundi," akasema, "nimevunja kikombe chako. Naomba unisamehe."

Fundi alikuwa na pini mdomoni. Akazitoa moja moja, akazichoma kwenye kimto chake, akapeleka mkono nyuma ya cherehani akainua kikombe. Kilikuwa na chai.

"Kikombe hiki?"

Wakili alikitazama kama shahidi aliyemgeuka mahakamani.

"Hicho. Nilikuwa nimepanga kukivunja."

Fundi alicheka hadi akakanyaga cherehani bila kitambaa. "Basi nimekusamehe, baba. Siku ukikivunja kweli uje tena tuongee upya."

Njiani nilimuuliza kwa nini ameniaibisha hivyo. Hakuona aibu iko wapi. "Mama Mdogo, makosa ya kweli naogopa kuyasema. La uongo si linapata nyota vilevile?"

Ungedhani hapo ningeibandua ile karatasi. Niliifuta safu moja tu, nikaacha nne.

Mambo mengine kabla sijafika panaponiuma. Mfereji wa paa uliokuwa unavuja juu ya dirisha la jikoni umezibwa. Fundi wa paa alikuja mara tatu kwa kazi ya saa moja. Wakili ameng'oka jino la mbele na anadai kwamba sasa anapiga mluzi vizuri zaidi. Mimi nimebadilishiwa zamu, sifanyi kazi tena Jumamosi. Hili la Jumamosi likumbuke, litarudi.

Sasa Kifungo. Ametimiza miaka mitano, bado ni mviringo vilevile, na bado anaitikia jina hilo ulilompa kuliko jina lake la ubatizo. Tangu wiki ya pili baada ya shule kufunguliwa, Kifungo hasemi Amina. Anapiga magoti na wenzake, anakunja mikono, anafumba macho, kisha anaibana midomo kama mtu aliyeshika pini za fundi. Nilimbembeleza. Nikamnyima nyota. Nikampa nyota mbili asizostahili. Bibi akaniambia, "Mwache." Sikumwacha.

Shemeji alipotutembelea aliliona, na nadhani ndilo lililomfanya akuandikie. Simlaumu. Alimuuliza kwa upole, mbele yetu sote, "Kwani wewe, mwanangu, humpendi Yesu?"

"Nampenda," Kifungo akajibu. "Siongei naye tu."

Wewe nilikuandikia kwamba ni ukaidi kidogo wa umri. Haikuwa kweli, na nilijua. Sababu ni hii. Barua yako ya kabla ya likizo niliisoma kwa sauti, watoto wamekaa mkekani. Nilipomaliza, Kifungo akauliza, "Hajasema anarudi lini?" Ulikuwa umeandika kwamba mkataba ni wa miaka miwili na kwamba nitafute namna ya kuwaeleza. Nilimtazama usoni nikashindwa. Nikarudisha macho kwenye karatasi na nikasoma ambacho hukuandika. Nilisoma, "Mkisali kila jioni bila kukosa, nitakuwa nimerudi shule zikifunguliwa."

Nilitaka kumtuliza, na nilitaka pia wasali. Yote mawili yalifanikiwa. Wiki sita Kifungo hakukosa hata jioni moja. Hata siku ya homa aliomba akalie mto apate kukunja mikono. Safu yake ilijaa nyota. Kisha shule zikafunguliwa. Asubuhi ile alivaa sare mapema, akakaa kwenye ngazi ya mlango akitazama geti hadi wakati wa kuondoka. Nilimwambia umecheleweshwa na kazi. Hakulia. Wiki iliyofuata akabana midomo.

Nimeandika aya hiyo, nikaenda kunywa maji, nikarudi. Nimekuwekea maneno mdomoni, Dada, nikamwekea na Mungu. Nakuomba radhi kwa yote mawili, na kwa kukuficha kwa muda wote huu.

Sasa nirudi kwenye Jumamosi. Labda wewe umelijua hili tangu zamani. Mimi nimeishi katika nyumba hii miaka ishirini na sita na sikulijua, kwa sababu Bibi alipokuwa anafua mimi nilikuwa ndani ninasoma. Niliposikia ananong'ona uani, nilidhani anailalamikia sabuni.

Jumamosi ya kwanza ya zamu mpya nilitoka kumsaidia kuanika, kwa sababu ya goti. Nikasikia. Kila nguo anayoipandisha kwenye kamba anamtaja mwenye nguo mbele za Mungu, kwa maneno machache kabla ya kibanio cha pili. Shati la Wakili: "Bwana, huyu kola ameimaliza kwa meno. Mtulize." Sare ya Kifungo: "Huyu mtunze njiani." Akafika kwenye koti langu jeupe la kazini, na mimi nimesimama hapo hapo na kikapu mkononi. "Bwana, huyu anajua kusoma kila kitu. Mfundishe na kusikiliza."

"Bibi, si nipo hapa?" nikasema.

"Nani ameongea na wewe?" akajibu, akachukua suruali iliyofuata.

Na watoto wako wapo katikati ya shughuli hiyo. Wakili anakamua. Kifungo ndiye mwenye vibanio, anavipokeza viwiliviwili. Hapo ndipo maswali yao yanapotoka, yale ambayo karatasi yangu haikuwahi kuyatoa. Wakili alitaka kujua kama ni adabu kumwombea mtu kwa soksi moja wakati ya pili imepotea. Bibi akamwambia aitafute ya pili kwanza. Alitaka kujua pia kama Mungu anaona nguo za ndani. "Anaona," Bibi akasema, "ndiyo maana tunazifua."

Jumamosi ya tarehe 11 nilitoka uani nikakuta gauni lako la kijani, lile lenye mifuko mikubwa, limezama kwenye beseni. Ulilivaa siku ya mwisho hapa, na nilikuwa nimelikunja sandukuni bila kulifua. Niseme tu kwamba bado lilikuwa na harufu yako, na kwamba si watoto peke yao waliokuwa wanalifungulia sanduku. Nilipiga kelele.

"Nani ametoa gauni la Mama?"

"Mimi." Kifungo alikuwa amejaa povu hadi viwikoni.

"Kwa nini? Nani amekutuma?"

"Bibi anaombea za kwenye kamba," akasema. "Ya Mama haijawahi kuanikwa. Zamu yake haifiki."

Nilikaa kwenye ndoo iliyogeuzwa. Mtoto ambaye mimi nilimwandika kuwa mkaidi alikuwa amesimama pale wiki baada ya wiki, vibanio mkononi, akifuatilia foleni na kuona kwamba jina lako halimo. Nikajua kwamba nisipomwambia wakati ule sitamwambia tena. Nikatia mikono kwenye beseni nikashika upande wa pili wa gauni.

"Kifungo. Ile barua ya Mama, ya kurudi shule zikifunguliwa. Mama hakuandika hivyo."

Aliendelea kusugua. "Nani aliandika?"

"Hakuna. Niliyasema mimi nikajifanya nasoma. Nilidanganya."

"Na Mungu? Yeye alisema Mama atarudi?"

"Hapana. Naye nilimsemea."

Akageuza mfuko mmoja ndani nje, akausafisha vumbi la pembeni kwa kidole, taratibu, kama unavyofanya wewe. Nilikuwa nimejiandaa kwa kilio. Kikaja kitu kingine.

"Sasa si nilimnunia bure," akasema. "Hana kosa."

"Hana."

"Wewe ndiye una kosa."

"Mimi ndiye. Nisamehe."

Alifikiri. "Wewe nitakununia mpaka Jumatatu."

Na akaninunia kweli, Dada, kwa uaminifu ambao sijauona kwa watu wazima. Chakula alikipokea kutoka kwangu uso ukiwa umegeuziwa pembeni. Jumatatu asubuhi akaja na kitana akaketi kati ya magoti yangu nimchane nywele, na hatujalitaja tena.

Siku ile gauni lilianikwa. Bibi alikuwa amesikia yote kutoka mlango wa jikoni, na alipopandisha bega la kwanza aliomba kwa sauti kuliko kawaida yake: "Bwana, mwenye gauni hili yuko mbali na sisi, si mbali na wewe. Mshike mgongo." Wakili akaitikia Amina ya kusikika mtaa wa pili. Kifungo alitoa kibanio na midomo yake akaiacha imefungwa. Hakuna aliyemtazama. Hata mimi nilitazama kamba.

Jioni niliibandua karatasi. Wakili alidai maelezo kuhusu nyota zake mia moja na nne, nikampa zote akazibandika kwenye ndoo ya Bibi, ambayo sasa inang'aa kuliko madhabahu. Siku tatu baadaye tulikuwa tunaosha vyombo, mimi nasuuza, yeye anafuta, akaniambia bila kuinua macho kwamba ndiye aliyechana ukurasa wa kamusi yangu kutengenezea ndege ya karatasi. Ilikuwa kweli. Ukurasa ulikuwa mfukoni mwake, umekunjwakunjwa. Nikamshukuru kwa kuniambia, tukaugundisha pamoja, na bawa moja bado linaonekana.

Jana Kifungo alilileta gauni tena. Bibi akalishika, akalinusa, akamrudishia. "Hili ni safi. Sabuni yangu haina kazi ya kuchezea."

Kifungo akaondoka nalo. Tulikuwa tumefika kwenye mashuka aliporudi. Pindo lote lilikuwa jekundu kwa udongo wa njia ya geti, na gotini kulikuwa na alama ya mkono mzima, vidole vitano.

"Sasa ni chafu," akasema.

Bibi alijaribu kukasirika. Nilimwona anajaribu. Kisha akacheka hadi akashika goti, akasema, "Lete." Likafuliwa, likakamuliwa, likapanda kwenye kamba. Bibi akalishika bega la kwanza akaomba maneno yaleyale kuhusu mgongo wako. Wakili akavuta pumzi ya Amina yake, Kifungo akamkatiza.

"Subiri. Bado bega moja."

Akampokeza Bibi kibanio cha mwisho. Bibi akabana. Kifungo akalitazama gauni limekaa sawa pande zote mbili, ndipo akasema Amina. Ilikuwa ndogo, ya kawaida, kama mtu anayejibu hodi. Kisha akauliza kama bado kuna soksi.

Hilo ndilo jibu langu, Dada, na halina safu. Kwa shemeji kuna utaratibu ambao mimi sina, na ni mtu mwema. Sitasema neno dhidi ya nyumba yake. Hapa wanajifunza kwenye kamba ya nguo, kwenye sinki, na kwa Mama Fundi, ambako Jumatatu iliyopita walimpelekea maji alipokuwa na homa. Anayewafundisha hasa ni Bibi. Mimi ninajifunza pamoja nao, na nimeanza nyuma yao. Bibi anasema huwa naficha ninachotaka nyuma ya hoja, kwa hiyo nakisema wazi: nataka wabaki. Lakini wewe ndiye mama yao, na sasa unajua nilichofanya. Ukiamua waende, nitawafungia mizigo vizuri, na nitamwomba mke wa shemeji jambo moja tu, kwamba siku ya kufua Kifungo ndiye ashike vibanio.

Ukiandika, waeleze mwenyewe habari ya miaka miwili, kwa maneno yako. Nitayasoma kama yalivyo, nukta kwa nukta, hata Kifungo akinitazama.

Bibi anakusalimu na anasema ule. Mama Fundi anakusalimu. Kikombe chake kingali kizima. Wakili anakusalimu na anataka kujua kama nchi hiyo watoto wanaruhusiwa kuingia mahakamani. Kifungo amesimama hapa kwenye kiwiko changu na amenituma neno, ninaliandika kama alivyolisema. Anasema gauni la kijani litachakaa. Utume nguo yako nyingine. Na usiifue.

Mungu akulinde unapoinama na unapoinuka, na akupe wenzako wa kukusaidia kunyanyua.

Ni mimi, mdogo wako akupendaye, na ambaye kuanzia leo anasoma ulichoandika tu.